Sura ya Tano: Bidoni na Sashe

Sokoni Kitshanga mawese hununuliwa kwa kipimo cha sufuria moja ya jioni. Mama muuzaji ameweka bidoni ya njano kando yake, kikombe kidogo cha kupimia juu ya ubao, na fungu la sashe nyembamba limetundikwa kwenye msumari. Mteja anafika na noti mkononi.

"Mama, unipimie ya mia tano."

"Uko na chupa?"

"Siko nayo, mama. Niwekee mu sashe."

Sashe moja inachomolewa, inapulizwa ili mdomo ufunguke, mafuta yanamiminwa, mdomo unasokotwa na kupigwa fundo kwa vidole viwili. Chumvi hufungwa vivyo hivyo, na sukari, na sabuni ya unga, hata nyanya ya kopo inayouzwa kijiko kwa kijiko. Nyumbani sashe inatobolewa, mafuta yanaingia kwenye sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na kazi ya sashe imekwisha. Imetumika muda wa kutembea kutoka sokoni hadi jikoni.

Nyumba inayonunua mafuta, chumvi na sukari kwa namna hiyo kila siku inafungua sashe 3 kwa siku, zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Zidisha kwa nyumba za mtaa mmoja tu, kisha uulize zinakwenda wapi katika mji usio na lori la taka.

Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku, na hilo lazima lisemwe kabla ya kumnyooshea mtu kidole. Kununua lita 5 za mawese kunahitaji fedha ya siku nyingi kwa mkupuo na nyumba yenye mlango unaofungika. Watu wa Kitshanga, mji wa mashariki mwa Kongo kati ya vilima vya Masisi na Rutshuru kwenye barabara inayotoka Goma kupitia Sake na kuendelea hadi Mweso na Pinga, wamenyang'anywa vyote viwili mara kwa mara. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 2013, mapigano kati ya jeshi la serikali na wapiganaji wa APCLS yaliteketeza sehemu kubwa ya mji. Tarehe 26 Januari 2023 waasi wa M23 waliuteka, na maelfu ya watu, wakiwemo waliokuwa tayari wamekimbia mara moja na kuishi kambini Mungote, wakashika njia tena. Mtu asiyejua wiki ijayo atalala wapi haweki akiba ya mafuta. Ufukara na vita ndivyo vilivyoifikisha sashe jikoni, na ushauri wowote kuhusu plastiki usioanzia hapo utaishia kumkaripia mama maskini bure.

Sasa mtazame mtu huyohuyo na bidoni yake.

Bidoni ya njano ya lita 20 ilianza safari ikiwa na mafuta ya kupikia ya kiwandani. Mafuta yakiisha ndipo inapopata thamani yake ya kweli. Inaoshwa kwa majivu na maji ya moto, inatiwa changarawe na maji kidogo na kutikiswa mpaka utelezi wa ndani utoke, na tangu hapo ni chombo cha maji cha nyumba. Mtoto mdogo hubeba ya lita 5, dada yake ya lita 10, mama ya lita 20 mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, akipanda mlima. Ikitoboka, fundi hupasha kisu moto mpaka kiwe chekundu, huyeyusha kipande cha bidoni nyingine iliyokufa na kuziba tundu. Kovu hubaki nene na jeusi, lakini maji hayatoki. Ikishindwa kabisa kushika maji hukatwa. Sehemu ya juu inakuwa faneli, ya chini inakuwa chombo cha kunyweshea kuku, ubavu mmoja unafunika mahali paa linapovuja. Yenye tundu dogo hutundikwa kwa kamba karibu na choo ikawa kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Na siku ya kukimbia, bidoni imo katika vile vichache vinavyobebwa: godoro, sufuria, mtoto, bidoni.

Bidoni na sashe ni ndugu wa damu. Zote mbili ni polithini, ile plastiki iliyogunduliwa mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI huko Uingereza. Moja nene na ngumu, nyingine nyembamba. Hata mfuko wa plastiki wenye vishikio, ambao leo umejaa dunia nzima, haukubuniwa ili utumike mara moja. Kampuni ya Celloplast ya Uswidi iliusajili mwaka 1965, kazi ya mhandisi Sten Gustaf Thulin, na mwanawe Raoul amesimulia kwamba baba yake alikuwa akitembea na mfuko uliokunjwa mfukoni, tayari kutumika tena. Aliyeubuni aliutendea kama watu wa Masisi wanavyoitendea bidoni.

Hoja yangu katika sura hii yote ni hii. Kitshanga haihitaji semina ya kufundishwa kuthamini plastiki. Ni nadra kuona plastiki ikitumiwa kwa uangalifu zaidi kuliko pale. Kinachotakiwa ni kuichukua kazi inayofanywa na sashe na kuipa vyombo vinavyoweza kutunzwa.

Kwanza tuifuate sashe baada ya kutupwa, maana mara nyingi husemwa "inachafua mazingira" na mazungumzo yakaishia hapo, kana kwamba mazingira ni kitu kilicho mbali na nyumba. Masisi mazingira yako karibu sana. Ni ng'ombe.

Vilima vinavyozunguka Kitshanga ni malisho. Maziwa ya Masisi na jibini yake ya duara, fromaji inayouzwa Goma na iliyokuwa ikisafirishwa kwa ndege hadi Kinshasa, vimesomesha watoto wengi wa wilaya hii. Ng'ombe hupenda chumvi. Wachungaji wote wanalijua hilo na huwapelekea chumvi malishoni. Sashe iliyokuwa na chumvi, ikatupwa kando ya njia, bado ina chumvi kwenye mikunjo yake. Ng'ombe hairambi tu, huimeza. Tumboni mwake, katika lile tumbo la kwanza la kucheulia, plastiki haimeng'enywi wala haipiti. Inabaki. Ya pili inakuja, ya kumi inakuja, zinasokotana pamoja na nyasi na kamba na kuwa donge gumu. Mnyama anahisi ameshiba wakati hana chakula ndani. Anapunguza kula, maziwa yanapungua, mbavu zinaanza kuhesabika, na mwenyewe anatafuta dawa ya minyoo. Mara nyingi ukweli hujulikana siku ya kuchinja. Kenya ilipokuwa ikijiandaa kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, daktari wa mifugo wa Nairobi alieleza kwamba kwenye machinjio ya jiji baadhi ya ng'ombe walitolewa hata mifuko 20 tumboni. Kwa mfugaji mwenye ng'ombe wawili, sashe ya chumvi ya faranga mia inaweza kuwa ndiyo iliyokula karo ya shule.

Njia ya pili ya sashe ni moto, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni jambo la kila asubuhi. Makala, yaani mkaa, hayawaki upesi, hasa msimu wa mvua yakiwa na unyevu. Basi sashe inachukuliwa, inakunjwa, inawashwa kwa kiberiti na kuwekwa chini ya makala kwenye mbabula, lile jiko la makala. Inadondosha matone ya moto, inatoa moshi mweusi wenye harufu inayokwaruza koo, na makala yanashika. Ni njia ya haraka na haina gharama. Lakini nani ameinama juu ya ule mbabula akiupepea? Mama, au binti, na mara nyingi kuna mtoto mgongoni. Polithini tupu ikiungua kwa moto hafifu hutoa masizi na gesi ya kaboni monoksidi. Plastiki yenye klorini, ile ya PVC inayotumika kwenye mabomba, waya za umeme na baadhi ya viatu, hutoa asidi na sumu ziitwazo dioksini, ambazo mwili hauziondoi upesi na ambazo zinahusishwa na saratani. Jikoni hakuna anayeweza kutofautisha kipande kimoja na kingine, na rangi zilizochapwa juu ya mifuko huongeza sumu zake. Kwa hiyo kanuni ya salama ni moja: plastiki isiwe kuni. Magamba makavu ya mkaratusi hushika moto vizuri, na mikaratusi imejaa kando ya barabara. Magunzi ya mahindi yaliyokauka yanafaa. Majani makavu ya mgomba yanafaa. Yanatakiwa tu yawekwe mahali pakavu tangu jana yake, na huo ni mpango wa nyumbani ambao hauhitaji mfadhili.

Zinazobaki, mvua huzisomba. Shambani hukwama ardhini, na jembe huzichana vipande bila kuziondoa. Mtaroni huziba maji. Zinazofika mtoni zina safari ndefu, kwani mto Lowa hukusanya maji ya milima hii, huyapitisha Walikale na kuyamwaga Lualaba, ambao ndio mto Kongo. Kusini, upande wa ziwa Kivu, matokeo yake yamekwisha kuonekana kwa macho. Bwawa la umeme la Ruzizi I, lililojengwa Bukavu mwishoni mwa miaka ya 1950 pale ziwa linapoanza kutoka na kuwa mto, hupokea chupa na sashe zinazosombwa na mvua kutoka kwenye miteremko ya mji. Takataka huziba njia za maji na kuharibu mitambo. Wapo wapiga mbizi ambao kazi yao ni kuingia chini ya maji hayo na kuzitoa kwa mikono. Umeme ukikatika Bukavu au Goma, wakati mwingine chanzo ni kifungashio kilichobeba sukari kwa nusu saa.

Je, sheria? Ipo. Tarehe 30 Desemba 2017 serikali ya Kinshasa ilitoa amri namba 17/018 inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko, sashe na vifungashio vingine vya plastiki. Kwa maandishi ni kali kama ya jirani yeyote. Rwanda ilipiga marufuku mifuko mwaka 2008 na mwaka 2019 ikaongeza vitu vingine vya plastiki vya kutumika mara moja. Kenya ilianza tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini inayoweza kufika shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilikuwa imetangulia tangu 2006. Ukivuka mpaka kutoka Goma kwenda Gisenyi, mji ni kama mmoja, lakini sashe inaishia kwenye kizuizi: maofisa wa Rwanda huikamata, na wamekuwepo wanaoificha ndani ya nguo ili kuiuza upande wa pili kama magendo.

Sheria ya Rwanda inashika kwa sababu kuna ofisa wa kuisimamia na kuna kifungashio mbadala dukani. Kitshanga imekuwa chini ya jeshi hili, kisha kundi lile, kila mmoja na vizuizi vyake na ushuru wake. Amri ya 2017 haina mtu wa kuitekeleza huko. Naona ni kupoteza muda kungoja sheria katika mahali ambapo hata cheti cha kuzaliwa ni shida kupata. Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa mahali pengine sheria ndiyo iliyobadilisha mambo kwa kasi. Lakini mji wa aina hii lazima uanzie kibandani na jikoni, na kwa wale wenye uwezo wa kubadilisha mengi kwa uamuzi mmoja, yaani mashirika ya misaada.

Plastiki nyingi ya Kitshanga ilikuja kama msaada. Angalia bashi. Turubai hizi nyeupe za mita 4 kwa 5 au 4 kwa 6, zenye nembo za mashirika, ndizo zilikuwa paa na ukuta wa Mungote. Ukikata ukingo wake utaona jinsi ilivyotengenezwa: nyuzi nyeusi za polithini ngumu zimefumwa katikati, kisha tabaka jeupe laini limepakwa pande zote mbili. Ni kitu kizuri, kimeokoa watoto na nimonia. Februari 2025, kambi zilizozunguka Goma zilipovunjwa kwa amri ya M23, watu walifungua vibanda vyao, wakakunja bashi na kurudi nazo Masisi. Nani angeziacha? Nyumba ilikuwa imeungua.

Adui wa bashi ni jua. Baada ya muda lile tabaka jeupe huanza kupasuka, linabanduka vipande vidogo kama magamba, na upepo unavitawanya mpaka kwenye viazi na maharagi. Hapo ndipo bashi inapoacha kuwa mali na kuwa taka isiyookoteka. Kwa hiyo kuirefushia maisha ni faida kwa mwenyewe na kwa shamba lake. Ifunikwe kwa nyasi au majani ya mgomba juu, ili jua lisiipige moja kwa moja. Ndani kutakuwa na baridi ya kupendeza pia. Isitobolewe kwa misumari. Mahali pa kuifunga, weka kijiwe laini ndani ya bashi, kikunje, kisha funga kamba shingoni mwa kile kifundo. Upepo utavuta na bashi haitachanika. Na miti ya kibanda isiachwe na ncha kali pale inapogusana nayo.

Kuna sashe nyingine ya msaada ambayo sithubutu kusema ipunguzwe, ile ya Plumpy'Nut, chakula cha karanga cha gramu 92 chenye kalori 500, kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1996 kwa watoto wenye utapiamlo mkali. Katoni moja ina sashe 150, karibu kipimo cha matibabu ya mtoto mmoja. Mtoto kwanza. Lakini kifungashio chake ni plastiki iliyoshikanishwa na alumini, hakiwezi kuyeyushwa kikawa kitu kingine, na katika vituo vingi vya lishe akina mama tayari huombwa warudishe sashe tupu ili muuguzi ajue mtoto amekula. Basi hiyo ni njia ya kukusanya iliyokwisha kujengwa, kwa mkono wa mama mwenyewe, kila wiki. Kinachobaki ni shirika kuhakikisha sashe zilizorudishwa zinaingia kwenye tanuri la kituo cha afya au shimo lililofukiwa vizuri, zisirudi mtaroni nyuma ya jengo. Na kabla ya hapo, mashirika yanaweza kuuliza mambo ya kawaida wanapoagiza. Kwa nini kila blanketi lifungwe plastiki yake peke yake? Kwa nini ndoo iletwe ndani ya mfuko? Anayenunua vitu maelfu kwa mara moja ana sauti kiwandani ambayo mteja wa faranga mia tano hana.

Wazee watakuambia kwamba zamani haya yote hayakuwepo, na ni kweli. Maziwa yalikaa kwenye vyombo vya mti na vibuyu vilivyofukizwa moshi. Maji yalikaa mtungini. Unga ulikwenda sokoni kwa kitunga. Vyungu vilifinyangwa na Batwa, watu waliosukumwa nje ya misitu yao na ambao ufinyanzi uliwapa angalau kitu cha kubadilishana na majirani. Beseni na bidoni za plastiki zilipofika kwa bei ndogo, soko la vyungu likafa, na hasara hiyo haijahesabiwa na mtu. Hata hivyo sitamwambia mama arudi kwenye mtungi wa udongo. Mtungi ni mzito hata ukiwa mtupu, na ukianguka mlimani maji na chombo vimepotea pamoja. Bidoni ilishinda kwa haki. Sashe ndiyo haikushinda chochote. Ilijipenyeza tu kwa sababu ilitolewa bure.

Kwenye vibanda vya maharagi bado kuna mfano wa namna nyingine ya kuuza. Maharagi na unga hupimwa kwa kopo la Guigoz, kopo la alumini la maziwa ya watoto kutoka Uswisi, ambalo limegeuka kipimo cha soko katika Kivu. Makopo mengine yana umri mkubwa kuliko wauzaji wake, yamebonyea, nembo imefutika, na bado yanapima. Mteja hutandaza kitambaa au hukunja pindo la kikwembe, maharagi yanamiminwa humo, fundo moja, kazi imekwisha. Hakuna sashe. Siku hizi muuzaji akianza kutoa sashe bure, mwenzake wa jirani analazimika kutoa pia asije akakimbiwa na wateja, na gharama inawaumiza wote wawili maana sashe wanazinunua. Nimeona kwamba wauzaji wenyewe ndio wepesi kukubali kuziacha, mradi wakubaliane safu nzima kwa siku moja. Muuzaji mmoja peke yake hawezi.

Kubadilisha plastiki kwa kifungashio kingine kunawezekana pia kwenye vitalu vya miche. Tangu 2007 mradi wa EcoMakala wa WWF umehimiza wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya makala ili msitu wa Virunga upumue, na mikaratusi mingi hukuzwa ndani ya vifuko vya plastiki vinavyochanwa na kuachwa shambani siku ya kupanda. Ganda la mgomba, lile gome la nje lililokauka, likiviringishwa na kufungwa kwa uzi wake mwenyewe, linabeba mche miezi michache na linazikwa pamoja nao, mizizi hupita. Linahitaji mkono uliozoea na linaoza mapema ukimwagia maji mengi. Lakini migomba ipo kila uani.

Watu huuliza mbona sijasema kuhusu kurejeleza. Bukavu, kampuni ya Plastycor ya Nicole Menemene hukusanya taka za plastiki na kutengeneza vikapu, viti na vyungu vya maua. Nairobi, Nzambi Matee na kampuni yake ya Gjenge Makers wanachanganya plastiki na mchanga na kupata matofali ya kutandika njiani, kazi iliyompa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya vijana watetezi wa mazingira mwaka 2020. Kazi zote mbili nazivulia kofia. Lakini duniani kote ni asilimia 9 hivi tu ya taka za plastiki zinazorejelezwa, na Kitshanga ina shida yake ya ziada: barabara. Kutoka hapo hadi Goma ni kilomita kati ya 80 na 90 za matope, mawe na vizuizi vya kulipia. Gunia la sashe lina ukubwa wa gunia la makala na uzito wa kuku. Hakuna dereva atakayelibeba badala ya viazi. Plastiki nyepesi ikishapanda Kitshanga haishuki tena, na ndiyo maana kuipunguza isije ni muhimu kuliko kuwaza itafanywa nini ikishafika.

Kitu kimoja tu cha kufungashia kimekuwa kikishuka kwa barabara hiyohiyo kwa miaka mingi bila sheria wala semina, nacho ni chupa tupu ya Primus. Bia hainunuliwi bila vidanji, yaani chupa tupu unayorudisha au amana ya fedha unayoacha badala yake. Mwenye baa ana kreti zake, mteja anajua chupa si yake, mtoto akiokota moja mtaroni anakimbia nayo dukani. Kioo ni kizito, kinavunjika, na bado kinarudi Goma kikiwa kimefungwa juu ya viazi, kwa sababu kuna fedha juu yake. Vinywaji baridi vilipohamia kwenye chupa za plastiki zisizo na vidanji, chupa hizo zikabaki milimani.

Mawese yanaweza kuuzwa kwa vidanji. Kikundi cha AVEC, vile vyama vya akina mama vya kuweka na kukopa ambavyo vimeenea Kivu yote, kina wanachama wapatao 15 hadi 25, na mara nyingi kuna wauza mafuta ndani yake. Chupa ndogo za plastiki nene zenye kifuniko, zile zilizokwisha kunywewa maji au juisi, hukusanywa na watoto kwa malipo madogo, huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, maana yanayochemka huzipinda, na kuwekwa alama ya rangi shingoni ya kikundi. Mteja wa kwanza analipia mafuta na vidanji vya faranga 200. Kesho akirudisha chupa analipia mafuta tu, au anabadilishiwa na iliyooshwa. Akihama, au akikimbia, anairudisha kwa muuzaji yeyote mwenye rangi ile na kupewa faranga zake. Wanachama wakubaliane bei moja ya vidanji na siku moja ya kuanza, na fungu la sashe lishushwe kwenye msumari siku hiyo kwenye vibanda vyote vya mafuta. Chumvi ifuate mwezi wa pili, kwenye makopo, kabla ng'ombe hawajarudishwa kwenye malisho ya karibu na mji.